Filamu ya nyota imezua ubishi bandani kwangu Sahare: "Hao walitia bildi gani?"

Mtafsiri_Sahare
14 Septemba, saa 5:40 usiku

Wanajamvi, habari za usiku. Nina swali, lakini nisipoeleza lilikotoka hamtanielewa, kwa hiyo nivumilieni.

Nina banda la kuonyesha mpira na filamu hapa Sahare, Tanga, karibu kabisa na pale wavuvi wanapovuta ngalawa zao. Mabenchi 12 ya mbao, televisheni moja kubwa, sabufa na maiki. Maiki ndiyo riziki yangu. Filamu za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, zote nazitafsiri papo hapo, sauti yangu juu ya sauti ya mwigizaji. Huu mwaka wa tisa.

Jumamosi iliyopita mechi iliahirishwa na watu wameshalipa. Wamejaa hadi mlangoni, sina filamu mpya, na kurudisha kiingilio cha watu themanini si jambo dogo. Kwenye flashi kulikuwa na makala ya mambo ya anga ambayo mpwa wangu anayesoma Dodoma aliniachia wakati wa likizo. Dakika 52, Kiingereza kitupu. Nikaiweka, nikashika maiki.

Dakika za mwanzo vijana walipiga miluzi. Halafu ikafika sehemu ya Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977. Tarehe 14 Februari 1990 kiligeuzwa nyuma kuipiga Dunia picha, kikiwa umbali wa kilomita bilioni 6 hivi. Katika picha ile Dunia haijazi hata nukta moja ya picha. Ni chembe ya rangi ya samawati ndani ya mchirizi wa mwanga. Nikabonyeza rimoti, picha ikasimama. Banda lilinyamaza mpaka nikasikia mafuta ya mihogo yanavyochemka nje. Mama anayekaanga mihogo pale mlangoni, ambaye mumewe alikuwa baharini usiku ule, akachungulia akauliza, "Na bahari iko wapi hapo?" Nikamwambia imo humo humo kwenye chembe. "Yote?" Nikamwambia yote. Akasimama na upawa mkononi hadi mihogo ikaungua.

Nimetafsiri mamia ya filamu. Sijawahi kuona watu wakitazama kitu namna ile.

Ubishi ulianza tulipofika kwenye umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Tuna mzee wetu hapa, wote tunamwita Nahodha, amestaafu bahari na umri wake umepita themanini. Yeye hufuata taarifa ya habari na kahawa, filamu haziangalii sana. Akainua fimbo. "Mwanangu, simamisha." Nikasimamisha. "Mie nikitaka kujua kina cha maji natia bildi. Ikigusa chini nahesabu pima, najua. Hao waliopima hiyo bilioni kumi na tatu, walitia bildi gani?"

Kwa wasioijua, bildi ni kipande cha risasi kinachofungwa kwenye kamba na kutoswa majini kupimia kina. Banda zima likanigeukia. Sikuwa na jibu, maana filamu yenyewe haikusema.

Hapo kila mtu akachukua upande. Kijana wa bodaboda akasema picha zote ni za kompyuta, hakuna aliyefika huko. Mwingine akasema kuuliza uliza ni ushamba, wenzetu wana mashine. Mwingine akaingiza dini. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye hukaa benchi la nyuma na kaka yake, yeye alikuwa anaandika tu kwenye daftari. Tulifunga saa saba usiku.

Nyumbani nimeirudia filamu ile mara mbili nikiwa na kalamu. Maneno ya "wanasayansi wanasema" na mfano wake nimehesabu mara 19. Jinsi walivyojua imeelezwa mara moja, haikufika dakika, na muziki uko juu. Nimegundua pia kosa langu mwenyewe, nalo linaniuma. Pale msimulizi aliposema "huenda", mie nilisema "imethibitika". Mara nne. Kwenye filamu ya ngumi tafsiri ikipinda hakuna anayedhurika. Hapa nimewapa watu wazima na watoto uhakika ambao wenye kazi yao hawakuutoa.

Nataka kuionyesha tena, safari hii vizuri. Naombeni msaada: nimjibu vipi Nahodha, kwa maneno ambayo mtu aliyeishi baharini atayapima mwenyewe? Na zile picha, niwaambie watu ipi imechorwa na ipi imepigwa kweli, au nitawaharibia ile raha waliyoipata?

---

Mwalimu_Korogwe
15 Septemba, saa 12:15 asubuhi

Mwanangu, nimefundisha fizikia miaka 27 na swali la Nahodha ndilo nililotamani kila mwanafunzi aniulize. Wengi walikariri wakafaulu. Usimwonee haya mzee huyo, mkalishe benchi la mbele.

Bildi ya kwanza iko mkononi mwake. Mwambie anyooshe mkono, asimamishe kidole gumba kiufunike mlingoti wa jahazi lililotia nanga mbali. Afumbe jicho la kushoto, kisha alifumbue afumbe la kulia. Gumba litaruka kando ya mlingoti. Alisogeze gumba karibu na pua, litaruka zaidi. Ukijua nafasi iliyopo kati ya macho mawili, na ukapima limeruka kiasi gani, unapata umbali wa gumba bila kulifikia. Wanaanga walitumia macho mawili yaliyoachana kilomita milioni 300: walitazama nyota leo, wakaitazama tena baada ya miezi sita, Dunia ikiwa upande wa pili wa Jua. Nyota za karibu huruka kidogo mbele ya nyota za mbali. Friedrich Bessel wa Ujerumani alitangaza kipimo cha namna hiyo mwaka 1838, kwa nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 11 hivi. Mwaka mmoja wa nuru ni safari ya mwaka mzima kwa mwendo wa kilomita 300,000 kila sekunde.

Kamba hiyo ina mwisho wake, kama ilivyo kamba ya bildi. Nyota za mbali mno haziruki kiasi cha kupimika. Kwa hizo kuna bildi ya pili, na hii wavuvi wa dagaa wataielewa kabla hujamaliza sentensi. Usiku ukisimama ufukweni ukaona karabai za mitumbwi, ile hafifu unasema iko mbali. Unajuaje kuwa si ndogo? Kwa sababu unajua karabai zote zina nguvu moja. Basi mwaka 1912 Henrietta Leavitt, mama aliyekuwa akipima nyota kwenye picha za vioo pale Harvard, Marekani, alionyesha kuwa kuna nyota zinazofifia na kung'aa kwa zamu, na kadiri zamu inavyokuwa ndefu ndivyo nyota ilivyo na nguvu zaidi. Hesabu siku za zamu, utajua nguvu ya karabai. Tazama inavyoonekana hafifu, utajua umbali. Nyota alizotumia ziko kwenye Wingu Dogo la Magellan, ambalo ninyi wa Tanga mnaliona kwa macho upande wa kusini usiku wa giza, likiwa kama moshi uliosahaulika angani.

Edwin Hubble alitumia karabai hizo miaka ya 1920 kwa Andromeda, ambayo ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, akapata karibu miaka ya nuru laki tisa. Leo tunasema milioni 2.5. Hakudanganya. Miaka ya 1950 ikajulikana kuwa karabai zile ni za aina mbili, naye alikuwa amezichanganya. Mwambie Nahodha na hilo pia, usilifiche.

Umri wa bilioni 13.8 unatokana na kasi ambayo galaksi zinaachana, na mionzi ya kale sana iliyojaa anga lote, ambayo setilaiti ya Planck iliyorushwa mwaka 2009 iliipima kwa makini. Na hapa kuna ubishi wa kweli, mkubwa kuliko wa bandani kwako: kasi ya kuachana, ukiipima kwa njia ya mionzi hiyo unapata 67, ukiipima kwa karabai za Leavitt unapata 73, kwa kizio kile kile. Watu waliosomea wanabishana hadi leo. Filamu nyingi hulipita jambo hilo mbio, nami naona huko ndiko kuliko na utamu.

Kuhusu picha, waambie. Waambie kila mara. Wewe ni mtafsiri, kwa hiyo utawaeleza kuliko mimi. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, inaona mwanga wa joto ambao macho yetu hayauoni. Mafundi huutafsiri kwa rangi: mawimbi marefu wanayapa wekundu, mafupi wanayapa samawati, mpangilio unabaki ule ule. Ni tafsiri ya kweli ya maneno yaliyosemwa kweli. Shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hautoki, lile linalozunguka na kung'aa kwenye filamu, kwa kawaida limechorwa kwa hesabu. Lakini lile duara la moto lenye ukungu, lililotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, limetokana na darubini nane za redio zilizounganishwa kutoka pande mbalimbali za Dunia. Takwimu zilikuwa nyingi mno kupita kwenye intaneti, wakazibeba kwa ndege, diski zenye uzito wa karibu nusu tani, na za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi hadi baridi ipungue ndege ziweze kutua. Kisha vikundi vinne viliiunda picha kila kimoja kivyake bila kuonyeshana, ndipo wakalinganisha. Ukiwasimulia hayo, lile duara lenye ukungu litawashika kuliko mchoro wowote.

Mimi mwenyewe nilivutwa na filamu. Niliona sehemu chache za Cosmos ya Carl Sagan, iliyotoka mwaka 1980 ikiwa na sehemu 13, kwenye kanda iliyokwisha chakaa. Siku ile niliamua nitasoma fizikia, nyumbani wakitaka niende ualimu wa awali. Kwa hiyo usije ukaacha kuonyesha.

---

Kijiwe_Ngamiani
15 Septemba, saa 8:02 mchana

Mwalimu ameeleza vizuri, heshima yake. Mimi nabaki na jambo moja. Hao hao wanaotuambia habari za shimo jeusi ndio waliotuambia wamefika mwezini. Bendera inapepea na mwezini hakuna upepo. Mtafsiri, kabla hujawapa watu bilioni, wape jibu la bendera.

---

Fundi_Redio_Chumbageni
15 Septemba, saa 1:30 usiku

Kijiwe, bendera ile ilipitishiwa fimbo ya juu ili ibaki imetanuka, na mikunjo yake ni ya kukunjwa safarini. Bendera tuiache, tuje kwenye kitu kinachopimwa mpaka leo. Wamarekani waliokwenda mwezini na Apollo 11 mwaka 1969 waliacha kule kibao cha vioo vinavyorudisha mwanga ulikotoka. Apollo 14 na 15 wakaacha vingine, na Warusi wakapeleka vyao juu ya magari yasiyo na watu. Vituo vya Ufaransa, Marekani na kwingineko vinarusha leza, mwanga unakwenda na kurudi kwa sekunde mbili na nusu hivi. Kwa vioo hivyo imejulikana kuwa Mwezi unatusogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka, upana wa vidole viwili. Na Urusi ya wakati ule ilikuwa na redio za kuwasikiliza na kila sababu ya kuwaumbua. Haikufanya hivyo.

---

Mtafsiri_Sahare
15 Septemba, saa 4:10 usiku

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Nimelijaribu lile la gumba leo jioni na wavuvi watano, tukilenga mlingoti wa jahazi la mkaa. Walibishana nani gumba lake limeruka zaidi, mpaka wakagundua wenye mikono mirefu linaruka kidogo. Hawakuhitaji mie kuwaeleza kwa nini.

Nahodha alikuwepo. Akafanya mara tatu, akanyamaza, akasema, "Hii ni kweli. Lakini Dunia kuzunguka Jua ndiyo unanidai niamini kwanza." Nikaishiwa.

---

BintiPangani
16 Septemba, saa 3:25 asubuhi

Kaka, muulize Nahodha habari za Jaa, ile nyota ya kaskazini. Tafadhali muulize, halafu utuletee alichosema neno kwa neno.

Babu yangu alisafiri na majahazi, anakwenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Alitufundisha kuwa hapa kwetu Jaa haionekani, hata anga liwe safi vipi. Ukipanda na pwani, ukaipita Banadiri, pwani ya Somalia, inaanza kuchungulia juu ya maji upande wa kaskazini. Kila siku za safari zinavyoongezeka inapanda. Ukifika Maskati iko juu kabisa, na Suheli ya kusini imeshuka. Ukirudi, Jaa inazama tena baharini. Manahodha wa zamani waliipima kwa vidole, na kwa kibao kidogo chenye kamba ya mafundo walichokiita kamal, fundo likishikwa kwa meno. Kwa urefu wa Jaa walijua wamefika usawa wa bandari gani.

Sasa fikiria. Kama bahari ingekuwa bapa kama meza, nyota ile ingeonekana Tanga, chini kidogo tu. Isingezama. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta na Jaa iko nyuzi 5 chini ya upeo wetu. Maskati iko zaidi ya nyuzi 23 kaskazini na huko Jaa inasimama nyuzi hizo hizo. Babu hakusoma shule, ila umbo la Dunia alilipita kwa tanga.

Filamu hizi za makala zinaponiudhi ni hapo. Zinaanza na Ugiriki, zinarukia Italia kwa Galileo, zinaishia Marekani. Watu waliovuka Bahari ya Hindi usiku kwa kutumia nyota hawatajwi. Hata majina: mie shuleni nilikariri Utaridi ni sayari ya tisa, ile ya mwisho, Pluto kwa Kiingereza, ambayo mwaka 2006 ikaondolewa kwenye hesabu ya sayari. Kwa babu Utaridi ilikuwa ile iliyo jirani kabisa na Jua. Nilibishana naye kwa kiburi cha kidato cha kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa na jina la asili.

Kingine, kwa kuwa wewe kazi yako ni lugha. Voyager ile unayoisema imebeba santuri ya dhahabu yenye salamu za lugha 55, iwapo kuna mtu ataiokota huko. Kuna Kiganda, Kizulu, Kisotho, Kinyanja. Kiswahili hakimo.

---

Ust_Makorora
16 Septemba, saa 11:50 jioni

Assalaam alaykum. Nimeambiwa habari ya ubishi huo na kijana anayesoma kwangu madrasa, nikaona niandike.

Ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani mwa msikiti ni hesabu ya Jua. Adhuhuri inaingia Jua likipinduka, alasiri inapimwa kwa kivuli, magharibi kwa kuzama. Atakayesema kupima anga ni kufuru aivue kwanza ratiba hiyo. Kwa hiyo hapo sina ugomvi na filamu.

Ugomvi wangu ni pengine. Kijana alinisimulia kuwa mwisho wa filamu msimulizi alisema sisi ni bahati tu, hakuna kusudi. Ndugu Mtafsiri, kwa bildi gani? Umbali umepimwa, umri umepimwa, sawa. Kusudi halikupimwa na darubini yoyote. Pale msimulizi ametoka kwenye vipimo akaingia kwenye rai yake, kwa sauti ile ile na muziki ule ule, na kijana wa miaka 14 hawezi kuona mpaka uko wapi. Sikuombi uikate sehemu hiyo. Nakuomba ukifika hapo useme: "hii ni rai yake."

---

Shangani_Mtwara
17 Septemba, saa 2:05 usiku

Wakuu, mie niko Mtwara, fundi ujenzi. Nina pendekezo la vitendo.

Tarehe 6 Oktoba Jua linapita utosini kabisa kwa watu wa Tanga. Mti uliosimama wima adhuhuri hauna kivuli. Mtwara tuko kusini zaidi, saa hiyo mti wetu utakuwa nacho. Mtafsiri asimamishe mti wa mita moja huko, nami nisimamishe wa mita moja hapa. Tusitegemee saa ya ukutani, maana adhuhuri yetu inatangulia ya kwenu kwa dakika nne hivi. Kila mtu asubiri kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, apime. Kwa ramani, kutoka usawa wa Tanga hadi usawa wa Mtwara, kaskazini kwenda kusini, ni kama kilomita 580. Kivuli kinatupa pembe, pembe inatupa Dunia nzima inazunguka kilomita ngapi. Eratosthenes alifanya hivi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

---

Fundi_Redio_Chumbageni
17 Septemba, saa 3:40 usiku

Naunga mkono, lakini tuwe wakweli: kivuli peke yake hakithibitishi kuwa Dunia ni duara. Ardhi bapa yenye Jua la karibu, juu kilomita elfu sita na kitu, ingetoa kivuli kile kile Mtwara. Kinachoiua hoja ya ubapa ni Jaa ya BintiPangani kuzama. Kwa hiyo Mtafsiri aanze na Jaa, kivuli kije baadaye kupima ukubwa. Akigeuza mpangilio, Kijiwe atamkamata.

---

Kijiwe_Ngamiani
17 Septemba, saa 4:15 usiku

Ningemkamata kweli. Tarehe 6 nakuja Sahare kushuhudia.

---

Mtafsiri_Sahare
6 Oktoba, saa 3:20 usiku

Wanajamvi, nimerudi, na mikono bado ina vumbi la chokaa.

Kwanza Nahodha na Jaa. Nilimuuliza kama BintiPangani alivyoagiza. Hakujibu papo hapo. Alinywa kahawa yake hadi machicha, akasema: "Usiku wa kwanza nilioiona Jaa nilikuwa mtumishi wa jikoni chomboni, nina miaka kumi na sita. Nahodha wangu akaniamsha, akanionyesha, akasema ukiiona hiyo ujue kwenu kumezama." Akarudia: "Kwenu kumezama." Halafu akanitazama. "Kumbe alikuwa ananiambia umbo la Dunia, nami nilidhani ananitania nilie." Dada, hayo ndiyo maneno yake.

Leo asubuhi mawingu yalitutisha. Hadi saa tano tulikuwa hatuoni Jua. Watu thelathini hivi uwanjani mbele ya banda, Kijiwe mmoja wao, kaja na rula yake mwenyewe. Tulisawazisha ardhi kwa pima maji, tukamwaga chokaa, tukasimamisha mti wa mita moja. Kuhakikisha umesimama wima tulihitaji timazi. Nahodha akatoa bildi yake mfukoni mwa kanzu. Risasi imechakaa, upande mmoja una alama ya meno ya samaki. Akaining'iniza kwenye kamba kando ya mti, ikatulia, naye akatuambia tuusogeze mti kidogo magharibi. Kidogo tena. Basi.

Jua lilifunguka saa sita kasoro dakika kumi. Kivuli kikawa kinarudi mtini kama maji ya kupwa. Saa sita na dakika 12 hakikuwepo. Watoto walikanyaga chokaa kutafuta kilikokwenda. Mama wa mihogo akatazama miguuni pake, akasema, "Hata mie sina."

Shangani alipiga simu: kivuli chake kifupi kabisa kilikuwa sentimita 8.5. Binti wa kidato cha pili alikwisha andaa daftari. Akapata pembe ya nyuzi 4.86, akagawa 360 kwa hiyo, akazidisha kwa 580, akatupatia kilomita 42,963. Tukapiga makofi. Nikawaambia kipimo cha vitabuni ni karibu 40,000. Kijiwe akasema mmezidisha kilomita elfu tatu. Nahodha akauliza kosa liko Tanga au Mtwara.

Tulibishana zaidi ya saa nzima, na ule ubishi ndio nilioutamani usiku wa kwanza. Shangani kwenye simu anasema ncha ya kivuli ilikuwa na ukungu, hakujua apime wapi. Fundi Redio akaeleza kuwa Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, hivyo kwa mti wa mita moja ncha inatia ukungu wa karibu sentimita moja. Kama kivuli cha Mtwara kingesomwa sentimita 9.1, tungepata 40,000 na ushei. Tofauti yote ile ni milimita sita. Nahodha alitaka aonyeshwe milimita sita kwenye rula. Alipoonyeshwa akaishika rula ya Kijiwe muda mrefu.

Usiku huu nimeionyesha tena filamu ile. "Huenda" nimesema huenda. Kila picha nimeitaja: imepigwa, imetafsiriwa, imechorwa. Kwenye chembe ya samawati nimesimamisha tena na wamenyamaza vile vile. Pale mwisho nimesema, "Hii ni rai yake," na Ustadh aliyekaa karibu na mlango akatikisa kichwa kukubali. Nimeonyesha dakika 52 kwa saa mbili na nusu, na waliotoka kabla ya mwisho ni wanne.

Shangani, Jua linarudi utosini kwetu tarehe 7 Machi. Nahodha anasema tutumie mti wa mita mbili, na juu ya ncha tuweke kibati chenye tundu dogo ili Jua lenyewe litue chini kama sarafu, tupime katikati ya sarafu. Hilo wazo ni lake, hakulisoma popote. Mita mbili kamili, tafadhali, na utafute timazi nzuri. Yetu tunayo.